Dirisha la Kaskazini

Katika miaka yote niliyoishi Durban, ufukweni nilifika mara nne, na mara mbili kati ya hizo nilikuwa nawasindikiza wageni waliotaka kupigwa picha. Nalitanguliza hilo ili msomaji ajue mapema ni mtu wa namna gani aliyekabidhiwa kazi ya kuchagua mji wa kuishi Uingereza. Wako watu waliozaliwa na miguu. Mimi nilizaliwa na kiti.

Kiti chenyewe kilikuwa nyuma ya cherehani, cherehani ilikuwa mbele ya dirisha, na dirisha lilikuwa ghorofa ya pili, Greyville, likitazama uwanja wa mashindano ya farasi. Mimi nilishona magauni na majoho ya kwaya. Farasi walikimbia kwa niaba yangu. Nikichoka kuwatazama nilikunywa chai. Mke wangu, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyekuwa akitoka kwenda duniani kila asubuhi na kurudi jioni na habari za huko.

Dirisha lile lilikuwa na historia yake. Siku tuliyokwenda kutafuta nyumba, mwenye nyumba, mzee wa Kihindi aliyekuwa na duka la vitasa na misumari pale chini, alituonyesha flati mbili zilizofanana kila kitu, ila moja kodi yake ilikuwa imezidi kidogo. Nikauliza kulikoni. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha.

"Hii inaelekea kaskazini, fundi. Jua linaingia kutwa. Ile ya kusini ni ya kuhifadhia viazi."

Kwetu Tabora jua halitafutwi. Lenyewe ndilo linalokutafuta, nawe unajificha. Lakini ulipofika mwezi wa saba, baridi ya kwanza, nikaona jua linaingia kwa ubavu mpaka kwenye pedali ya cherehani, huku jirani wa upande wa pili anapika amevaa koti, nikaamini. Tangu siku hiyo nikawa mhubiri wa kaskazini. Mgeni hakuinuka kwangu bila kuhubiriwa. Shule yangu iliishia kidato cha nne, na jiografia walinipa alama za huruma, lakini kwa jambo hili nilijiona profesa wa kule chuoni Westville.

Asiyeshona hawezi kujua. Uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi ni kazi ya jua, si ya balbu. Chini ya balbu unashona kwa imani tu, na kesho yake ndipo unagundua ulichoshona.

Basi Jumatatu moja ya mwezi wa kumi na moja, mke wangu aliingia na bahasha ya kahawia, akavua viatu, akaenda kukaa kwenye kiti changu. Hilo tu lilinitia wasiwasi.

"Wamenikubali," akasema.

"Nani?"

"Uingereza."

"Yote?"

"Hospitali tatu, bwana wewe. Nichague moja."

Kweli tulikuwa tumeyazungumza hayo, kwa jinsi watu wanavyozungumzia kununua gari. Sikudhani kama Uingereza nayo ingejibu. Akatandaza karatasi mezani, juu ya joho la mtu. Miji ilikuwa mitatu: London, Brighton, Leicester. Kila hospitali ilikuwa na ofisi ya makazi ya kuwatafutia wauguzi nyumba za kupanga. Fomu ya nyumba ijazwe, itiwe sahihi na muuguzi mwenyewe, ifike kwa faksi kabla ya saa sita mchana ya Ijumaa, saa za kwao. Ambaye hakuchagua nyumba angepewa chumba cha mtu mmoja kwenye bweni la wauguzi, na mwenzi wake angefuata baadaye.

"Baadaye ni lini?"

"Hawakuandika."

Neno hilo nalijua. Ndilo nililokuwa nikiwaambia wateja waliotaka nguo kabla ya Pasaka.

"Sasa nisikilize, mume wangu," akasema. "Kazi nimetafuta mimi. Mtihani nimefanya mimi. Nyumba utachagua wewe."

"Mimi? Mimi ambaye hata—"

"Wewe. Ninyi watu wa kukaa ndani ndio mnaojua ndani. Mimi nyumba yoyote naingia kulala, wewe ndiye utakayeikalia. Masharti yangu ni mawili. Kodi isizidi robo ya mshahara, na pawe mahali ambapo mtu akicheka haulizwi anaumwa nini."

"Langu je?"

"Lako hata farasi wanalijua. Kaskazini."

"Nisipopata?"

"Basi mimi bwenini, na wewe ubaki na farasi wako."

Alicheka, lakini aliinuka kwenda kuinjika chai kwa haraka isiyo ya kawaida, nami nikajua mzaha ule ulikuwa na mfupa ndani yake. Tangu tuoane hatukuwahi kukaa mbalimbali hata wiki moja. Na fundi asiye na dirisha la kushonea angekwenda kufanya nini huko, kumsubiri mkewe arudi kazini? Ingawa, nikiwa mkweli, hiyo kazi pia nilikuwa naiweza.

Kesho yake joho halikushonwa. Nilikaa na vijitabu vya picha walivyomtumia, na mwenye joho mwenyewe akanikuta navyo. Huyu alikuwa mama wa Kikongo mwenye duka la simu mjini, mwimbaji wa sauti ya kwanza kanisani kwao, na sauti ya kwanza kila mahali pengine.

"Joho yangu iko wapi, fundi?"

"Iko chini ya London, dada."

Akachukua kijitabu, akakiangalia kama mtu anayenusa samaki. "Londres? Londres iko cher, bei kali! Binamu yangu iko kule. Watu sita, chumba moja, banapokezana kitanda. Wa kutoka kazi analala, wa kulala anaenda kazi. Shuka haipoe hata siku moja."

London ikaenda chini ya meza.

Brighton ilikuwa na bahari. Tuliinamia picha wote wawili. Ufukwe wote ulikuwa mawe, mawe matupu, na juu ya mawe watu wamejilaza na makoti yao, wengine wanakula.

"Hawa ni nini imewapata?" akauliza.

"Wamepumzika."

"Aa, pole yao."

Nikatazama kodi. Kwa robo ya mshahara tungepata chumba kimoja na jiko la kuchangia. Nami nikajiuliza: ikiwa bahari yenye mchanga, iliyo karibu na bure, sijaiendea, ya mawe nitailipia ya nini?

Ikabaki Leicester. Nyumba zake zilikuwa za matofali mekundu, zimepangwa zikashikana mabega kama wanakwaya. Kwa robo ya mshahara mtu alipata nyumba nzima, na ngazi ya kwendea chumbani, na kiua cha nyuma cha kuanikia nguo. Lakini kilichonipata mimi ni picha ya soko lao. Palikuwa na mafungu ya mboga, na mbele ya mafungu mwanamke mmoja mzee amevaa sari na juu yake koti, mikono ameirusha hewani, muuza vitunguu kainamisha kichwa. Yule mama alikuwa anapatana bei. Huhitaji lugha kuiona. Mji ambao mtu anagombana na kitunguu namna ile, nikasema, hauwezi kuwa mji mbaya.

"Sasa uandike faksi," akasema dada wa Kikongo. "Kuja kwangu. Na joho ukuje nayo."

Jumatano nikashuka mjini. Safari yenyewe ni dakika chache za taksi, lakini alipoona nimesimama mlangoni mwa duka lake, aliwaita wateja wote watoke kwenye vibanda vya simu.

"Fundi ametoka nyumba yake! Leo mvua itanyesha, kabisa!"

Niliandika kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne kwamba tunahitaji nyumba ndogo, safi, ya bei nafuu, na kwamba muhimu kuliko yote, dirisha la mbele lielekee kaskazini. Hapo kwenye kaskazini nikapiga mistari miwili.

Majibu yalikuja Alhamisi. Nyumba zilizokuwa wazi ndani ya bei yetu zilikuwa mbili, mtaa mmoja, zinatazamana. Ya kusini kodi yake ilifika robo ya mshahara kamili. Ya kaskazini ilikuwa rahisi zaidi, tena wangetupunguzia kidogo, kwa kuwa ilikuwa imekaa muda bila mtu. Chini, karani alikuwa ameongeza kwa mkono wake kwamba wamefurahi sana kupata mpangaji anayependelea upande huo.

Nilicheka mpaka nikaegemea mashine ya faksi.

"Hawa watu wametawala nusu ya dunia," nikamwambia dada wa Kikongo, "na hawajui jua liko wapi!"

"Jua inaunguza ngozi yao," akasema. "Ndiyo maana banakimbia."

Ikaingia akilini moja kwa moja. Nikajaza fomu, nikampelekea mke wangu getini hospitali akatia sahihi, nikarudi, nikaituma. Jioni tulipika pilau. Nilikula huku nikieleza jinsi mtu mwenye akili anavyoweza kupata kitu bora kwa bei ndogo kwa sababu tu wengine hawajui thamani yake. Nilieleza mara mbili. Mke wangu alisikiliza kwa adabu zote, akaniongezea nyama, labda ili ninyamaze.

Ijumaa asubuhi nikashuka kumwarifu mwenye nyumba, na nikiri kwamba nilikwenda pia kujisifu.

"Leicester?" akasema. "Dada wa mke wangu yuko huko miaka mingi! Aliolewa Mwanza kwanza, kwenu kule, halafu wakahamia Uingereza." Akaandika namba nyuma ya pakiti ya misumari. "Mpigie. Anapenda kuongea. Sisi tumeshachoka kumsikiliza."

Kwa hiyo siku ya tatu mfululizo nikashuka mjini. Dada wa Kikongo safari hii hakupiga kelele, alinigusa tu paji la uso kuona kama nina homa. Nikaingia kibanda cha pili, nikapiga. Nilikuwa nimetunga sentensi ya Kiingereza njia nzima, na niliisema yote bila kupumua: samahani mama, mimi ni mpangaji wa shemeji yako wa Durban, natoka Tanzania—

"Mtanzania?" sauti ya bibi ikanikata, kwa Kiswahili. "Sasa Kiingereza ya nini? Sema Kiswahili, bwana! Mdomo wangu unawasha!"

Nilisahau kila kitu nilichotaka kusema. Aliishi Mwanza miaka thelathini. Yeye na marehemu mumewe walikuwa na duka la vitambaa, khanga, vitenge, marekani, vyote, na barazani kwao walikaa mafundi watatu na cherehani zao. Niliposema mimi ni fundi, akapiga ukelele.

"Fundi! Mafundi yangu walikuwa waongo! Kila siku kesho, kesho. Wewe pia mwongo?"

"Kidogo, mama."

"Basi fundi kweli."

Nikamuuliza Leicester ni mji wa namna gani. Kwa dakika kumi nzima aliusema vibaya. Baridi. Basi likichelewa dakika nne watu wanaangalia saa kama kuna msiba. Jirani wa kulia anamletea keki, jirani wa kushoto naye keki, yeye na sukari yake atakula keki ngapi? Bamia ni ndogo. Mchicha upo, lakini mchicha gani huo unauzwa umevalishwa mfuko? Mihogo ipo Jumamosi tu, na lazima uwahi, kwa sababu wanawake wa Kampala wanaimaliza. Aliulalamikia mji ule kwa raha ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu anayesifia kitu, nami nikiwa kwenye kibanda cha simu nikaanza kuutamani.

"Unakuja kukaa mtaa gani?" akauliza mwishowe.

Nikamtajia.

"Aa, naujua! Nyuma ya kwangu, dakika tano kwa goti langu. Upande upi?"

"Ule unaoelekea kaskazini, mama!" nikasema, na nikanyamaza nipongezwe.

Nikasikia kitu kama kikohozi, na kikohozi kikawa kicheko, na kicheko kikarudi kuwa kikohozi tena, nikaogopa nimeua mtu.

"Fundi," akasema alipopata pumzi. "Nani amekudanganya?"

"Shemeji yako."

"Yule! Yule amezaliwa Durban, amekaa Durban, anajua jua la Durban tu. Sikiliza. Huku sisi tuko juu ya dunia, jua linapita chini yetu. Linapita kusini! Ile nyumba yako naijua sana. Ukuta umeota kijani kama bwawa. Paka wote wa mtaa wanalala ngazi za upande wa pili. Zako hazina hata mmoja. Paka, fundi! Hajasoma jiografia, lakini anajua."

Masikio yaliniwaka moto. Picha nzima ikanijia: mimi, cherehani, na uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, mbele ya dirisha lenye giza nililolipigia mistari miwili mwenyewe.

"Mama, fomu nimeshatuma."

"Basi tuma nyingine. Karatasi imekwisha Durban?"

Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika ishirini. Wao walikuwa nyuma yetu kwa saa mbili. Nilikuwa na mpaka saa nane yetu. Na fomu mpya ilitaka sahihi mpya, na mwenye sahihi alikuwa wodini.

Nikakimbia. Wanaonijua hawaamini mpaka leo, lakini nilikimbia, mkononi fomu, tepu ya kupimia bado imening'inia shingoni. Taksi zilikuwa zimekwama kwenye foleni, nami nikazipita. Kwenye kona moja robot, ndivyo wanavyoita taa za barabarani kule, ikawaka nyekundu, ikanisimamisha, na sijawahi kuishukuru taa kama ile. Nilipofika hospitali nilikuwa siwezi kusema. Mke wangu akatoka wodini mbio, uso umembadilika.

"Nani amekufa?"

"Kaskazini," nikasema.

Ilinichukua muda kueleza, kwa sababu ya pumzi na kwa sababu ya aibu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanishika mabega, akanigeuza, akaiweka fomu mgongoni kwangu na kutia sahihi hapo hapo, nikisikia kalamu ikitembea na mgongo ukitetemeka kwa kicheko chake.

"Mtaalamu wangu wa jua," akasema. "Haya kimbia. Na ukirudi unieleze tena vile mwenye akili anavyopata kitu bora kwa bei ndogo."

Dukani nilikuta mtu mbele yangu anatuma faksi ya kurasa kumi na moja kwa wakwe zake wa Lubumbashi, orodha ya vitu vya mahari, na kila ukurasa anausoma tena kwa sauti kabla ya kuuingiza. Dada wa Kikongo alimvumilia mpaka ukurasa wa tatu.

"Papa, mke yako hatakimbia. Huyu, wa kwake anakimbia. Toka kidogo."

Fomu ikaingia saa saba na dakika arobaini. Tulisimama mbele ya mashine kama watu wanaosubiri chungu kichemke: mimi, yeye, na bwana harusi, ambaye sasa alishaelezwa yote na alikuwa na maoni yake kuhusu paka. Saa nane kamili ikafika, ikapita. Saa nane na dakika kumi mashine ikaanza kunguruma.

Karani aliandika kwamba fomu yetu imewahi. Nyumba ya kusini ilikuwa bado ipo, na sasa ilikuwa yetu. Mwishoni aliongeza mstari kwa mkono: kwamba si kazi yake kutoa ushauri, lakini amefurahi kuliko jana.

Dada wa Kikongo alipiga kigelegele kilichowatoa watu vibandani, na bwana harusi akanipa mkono.

Sikuwa na sababu ya kupiga simu tena Leicester, lakini nilipiga. Bibi alikuwa ameshakwenda mtaani kuangalia. Paka watatu, akasema, na wa nne njiani. Nikamwomba, kama goti linamruhusu, anipimie dirisha. Jumatatu ikaja faksi: mchoro wa dirisha, upana na urefu kwa inchi, na maelezo kwamba amepimia tepu ya duka la Mwanza, isije nikasema hajui kazi.

Wiki nzima iliyofuata nilishona mapazia. Kitambaa kizito cha kahawia, pindo la inchi nne, vipimo vya dirisha ambalo sikuwahi kuliona, nikiwa nimeketi mbele ya lile nililokuwa naliaga. Farasi walipita, sikuinua kichwa. Nilipomaliza niliyatandaza kitandani, nikamwita mke wangu.

Akayashika, akayageuza, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Mazuri," akasema. "Niulize kitu kimoja tu. Umekimbia mji mzima kutafuta jua. Sasa unataka kulifungia nje?"

Nikachukua mkasi. Nikayafumua, nikayakata, nikashona mto wa kukalia, mnene, wa kipimo cha kiti changu. Ndio uliotangulia kuingia kwenye sanduku. Na ndio niliokalia sasa hivi ninapoandika haya, ingawa nusu yake, kila likitoka jua, nampisha paka wa jirani.